Ufunguo wa Pili

Mume wangu Bulugu aliuza misumari
miaka kumi na minane pale Makoroboi:
misumari, bawaba, kamba za nyavu, rangi ya mitumbwi,
na hakuna askari aliyewahi kumuuliza
msumari ule umekwenda kupigiliwa wapi.

Kisha akasikia viwanda vya samaki vinatafuta walinzi,
walinzi wanatafuta bunduki,
na bunduki zinafuatwa Dar, siku nzima ya basi.
Akarudi macho yanawaka.
"Hapa katikati," akasema, "pana pengo."

Pengo lilijaa makaratasi.
Barua ya mtaa, barua ya kata, cheti cha tabia njema,
vidole kumi katika wino;
wiki nzima akala ugali kwa kijiko.
Wakaja wawili kumhoji jirani yetu Nyamisi
kama Bulugu hunywa, kama hunipiga,
kama ana hasira, kama amewahi kuonekana akilia.
Hanywi, akasema. Hampigi.
La kulia akalinyamazia:
alikuwapo siku tulipomzika Shija wetu.

Kamati ikakaa. Kamati ikaahirisha.
Mjumbe mmoja alisafiri, mwingine akastaafu,
wa tatu alitaka kujua
imekuwaje mtu wa misumari asitosheke na misumari.
Miezi kumi na minne.
Nikaanza kumwita Mheshimiwa Inashughulikiwa.
Hakucheka.

Mwenye fremu aliposikia neno baruti
akatupa notisi siku hiyo hiyo.
Tukahamishia duka nyumbani, Igogo,
nyumba iliyoegemea jabali kama nusu ya Mwanza.
Fundi Magesa akasema, jiwe hili liwe ukuta wa nne,
mtaokoa mifuko thelathini ya saruji.
Mkaguzi akaja na futi yake.
Akapima wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Kwenye jabali akasimama.
"Hili lina unene gani?"
"Kutoka hapa, afande," Magesa akanyoosha mkono,
"mpaka litakapokutana na ziwa."
Fomu haikuwa na nafasi ya jibu hilo.
Tukajenga ukuta mbele ya jabali,
kwa mkopo, na hati ya kiwanja ikalala benki.

Rejesta haifutwi.
Ukikosea unapiga mstari mmoja, unatia saini,
kosa linabaki pale linakutazama.
Afande huja siku aipendayo, hata Jumapili;
hugonga mara moja, hangoji karibu,
anahesabu risasi chai yetu ikipoa.

Watoto wa kaka yangu hawaji tena kulala kwetu.
Mama yao anasema ni umbali.
Ni hatua mia mbili.

Mteja wa kwanza alitoka Sengerema,
kiboko anamlia mpunga.
Akapanga noti mezani, zinanuka dagaa.
Kibali chake kilikuwa kimeisha siku tisa nyuma.
Akazikusanya noti moja moja,
akatushukuru, sijui kwa lipi.
Kiboko hana habari ya vibali.

Na funguo ni mbili, za watu wawili;
mlango ule haumjui mtu mmoja.
Mkaguzi alipouliza wa pili ni nani
Bulugu akanitazama
kama alivyonitazama siku ya mahari.
Nikavimba kichwa, nasema kweli.
Sikuona kwamba tangu saa ile
hatutakwenda tena msibani pamoja.

Mama alipofariki kule Nansio
nilipanda kivuko peke yangu,
ufunguo shingoni, chini ya kanga.
Bulugu akabaki kulinda chumba
ambacho bila mimi hawezi hata kukifungua.
Zamu yangu ya kuaga ilipofika nikainama,
kamba ikateleza,
ufunguo ukaning'inia, ukagonga jeneza.
Wajomba wakageuka.
Uligonga mara moja.
Haukungoja karibu.