Saa ya Kuitwa Saa

Jumatatu, pamba ingali imenata kwenye nyusi za wapagazi,
Bwana Jethalal Raichura, mwenye kinu cha Jinja, aliniita:
"Mugoya, lete brashi yako ndogo.
Jana redio imenitaja. Malkia amenikumbuka.
Mbele ya jina langu nitilie herufi tatu."

Nafasi haikuwapo. Kibao kilishajaa.
Nikaibana J, nikaisukuma E,
nikapenyeza S, I, R kwa rangi ya dhahabu,
kopo la mwisho, nusu limeganda.

Kwenye ubao ni Sir. Midomoni mwetu ni Saa.
Odeke wa langoni akakaza kisigino:
"Saa, gari tayari."
Mama wa nyumba akajaribu "Ledi" mbele ya kioo,
mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili kwa kidevu.

Saa saba mchana akaja Mascarenhas, karani Mgoa,
baiskeli inalia, barua ya Entebbe kifuani.
Akaisoma taratibu, kama mtu anayepunguza mshahara:
jina limetangazwa, halijakabidhiwa;
mpaka Gavana aguse mabega kwa upanga,
kwa niaba ya yule aliye mbali,
wewe ni Bwana, kama ulivyokuwa jana.

"Lini?"
"Mvua zikipungua. Asubuhi, saa nne."
"Nne yao au nne yetu?"
Mgoa akakitazama kiatu chake.

Basi nikagandika karatasi juu ya dhahabu
kwa uji wa muhogo.
Wiki saba tulipita chini yake.
Upepo wa Nile ukiinua pembe, S ilichungulia,
na wapagazi, magunia kichwani, wakaulizana:
"Je, saa imefika?"
"Bado. Saa iko njiani, inakuja na upanga."
Hata Odeke alijifunza kumeza neno katikati:
"Sa— Bwana, gari tayari."

Mimi wiki hizo hizo nilikaa nje ya wodi.
Mkunga akatoka, hakusema kitu,
akaniinulia vidole viwili.
Waiswa. Tenywa.
Kabla sijasimama, mfagiaji akaniita Isabirye,
muuza ndizi naye, na mama mkwe aliyekuwa haniiti kitu.
Hakuna aliyeuliza gazeti la Serikali.
Hakuna aliyenigusa bega,
isipokuwa mvua, maana paa lilivuja.

Bwana Raichura akaenda Entebbe, akapiga goti.
Alirudi Jumamosi,
bega la kulia limeshuka kidogo,
au ni macho yangu.
Nikabandua karatasi. Uji ulikuwa umekula dhahabu,
ikabaki I peke yake, imesimama kama mtu aliyesahauliwa.
Nikapaka upya. Akanihesabia shilingi saba.
"Asante, Bwana," nikasema, kwa mazoea.

Hakuondoka.
Alisimama kwenye ngazi, funguo mkononi,
tajiri wa vinu vitatu,
na nikasikia kabisa kwamba anangoja.
"Asante, Saa."
Ndipo akaingia ndani.

Miaka ikaenda. Ukaja mwaka ule wa siku tisini.
Alibeba sanduku moja na mto wa mkewe.
Askari wa steshini, kijana, kalamu sikioni,
akasoma karatasi, akauliza: "Wewe nani?"
Mzee akafungua mdomo. Akaufunga.
Akataja jina la baba yake, na la kijiji cha ng'ambo
ambacho hakuwahi kutuambia.

Kibao ninacho. Ni mlango wa banda la kuku.
Waiswa, alipokuwa darasa la pili, alikisoma kwa kidole,
akaniuliza huyu Sir alikuwa nani.
Nikamwambia siku lilipoanza naijua, hata saa:
nilikuwa na brashi mkononi.
Lilipoishia, sijui.
Kuku hulidonoa, dhahabu huwashika midomoni.
Jioni hung'aa kidogo wakinywa maji.