Upande wa Kike

Nyumbani Korogwe tulikuwa na kisu kimoja,
mpini wa mfupa, na kwenye bapa jina la mji: Sheffield.
Mama alikatia kila kitu: mchicha, kamba,
kitovu cha mdogo wangu.
Sikujua kwamba siku moja mji wenyewe ungenikata.

Uvimbe ulikuwa mkubwa kama chungwa, walisema.
Wakautoa pamoja na ovari ya kulia.
Kovu ni dogo. Ukilitazama bila miwani
utadhani ni mkunjo wa shuka.

Shangazi Mwanahamisi akapiga simu:
"Kidole kimoja hakivunji chawa, mwanangu."
Nikamwambia, shangazi, sivunji chawa.
Akanyamaza. Salio likaisha,
au alilimaliza.

Basi umebaki wewe, wa kushoto.
Lugha yetu huita kulia kuume, na kushoto kike.
Wa kuume amekwenda na ndoo ya hospitali,
wa kike kaachiwa zamu zote mbili
kama mimi kule kiwanda cha biskuti,
Jumamosi ambayo Doreen hakutokea.
Sijakuuliza kama umechoka.
Miaka thelathini na minne sijawahi hata kukuamkia.

Miezi kumi na minne nimezungushia siku wino mwekundu
kwenye kalenda ya bucha la halali,
na kila mwezi damu imefika
kama tramu ya Hillsborough,
hata siku za theluji,
hata siku niliyoiomba ichelewe.

Leo Bi Maureen kanipaka jeli ya baridi,
kasogeza kifaa, kakunja uso, karudi nyuma kidogo.
"Huyu hapa," akasema,
kama amwonyeshaye mtoto aliyejificha nyuma ya pazia.
Doa jeusi. Milimita kumi na tisa.
"Hiyo moja haingoji zamu ya mwenzake," akasema,
"mara nyingi hufanya kazi kila mwezi. Ila siahidi kitu."
Sikulia.
Niliomba karatasi nyingine ya kufutia tumbo.

Nimeteremka mlima kwa miguu, mvua nyembamba,
mkono mfukoni, upande wa kushoto,
kama mtu aliyebeba yai toka dukani bila trei.

Nimemwandikia Mbaruku: Rudi mapema.
Usipitie kwa kina Shekue kutazama mpira.
Akajibu: Kuna nini?

Naandika, nafuta.
Naandika, nafuta.
Naandika: Kuna kisamvu.