Mtungi wa Tano

Sikukuu ilikuwa uwanjani, mbele ya ofisi ya meya:
maturubai, spika zinazokoroma, hotuba ya tatu,
na tiketi ya kukanyaga zabibu dakika tano, picha bure.
Nilikuja na basi la kampuni ya maji ya Tbilisi,
karani wa bili, soksi safi, kofia ya kuazima.
Nikakanyaga dakika zangu tano.
Nikafutwa miguu kwa taulo la hoteli.

Kisha ikapita pikapu kuukuu, imeinamia nyuma
kama ng'ombe anayetaka kulala,
na juu ya shehena yake wingu la nyigu.
Niliifuata. Sijui kwa nini.
Pengine kwa kuwa ndiyo peke yake isiyobandikwa tangazo.

Uani kwa Lamara hapakuwa na muziki.
Palikuwa na ndoo, mbwa mwenye midomo ya zambarau,
na Guram, aliyenitazama miguu kabla ya uso.
"Miguu ya meza hiyo," akasema.
Kwao mgeni hangoji siku ya tatu apewe jembe:
robo saa haijaisha nilikuwa na mkasi mkononi,
vichala vikiniangukia kwenye kiganja, vizito, vya moto wa jua.

Mwaka ule bonde la Alazani lilikuwa limepita kiasi.
Mitungi minne, iliyozikwa ardhini hadi shingoni,
ilikwisha jaa, ikinong'ona povu kwa povu,
na zabibu bado zinakuja.
Ukabaki wa tano, uliolala miaka sita.
Wakaondoa jiwe. Ukapumua baridi.

Mtungi wa namna hii husuguliwa na mtu aliye ndani yake,
na mtu huyo sharti awe mwembamba.
Ilikuwa kazi ya Zviadi. Lakini Zviadi ametimiza kumi na saba;
mabega yakakwama mdomoni mara mbili,
akatoka amechubuka, akicheka kwa aibu ya kukua.
Basi wote wakageuka, polepole,
wakanitazama mimi.

"Huko chini ongea," alisema Lamara,
akinipa brashi ya magome ya mcheri.
"Usinyamaze. Anayenyamaza tunamvuta kwa kamba,
hatuulizi kama alikuwa anafikiri tu."

Nikashuka.
Nikasema nambari za bili. Nikataja vituo vya treni ya chini,
cha kwanza hadi cha mwisho, kisha nikarudi navyo.
Nikataja bei ya sabuni.
Sauti ilizunguka ukutani ikanirudia
nzito kuliko nilivyoitoa, sauti ya baba yangu kabisa.
Nikasita kuisikiliza. Kamba ikakaza kiunoni.

Basi nikasema lililobaki:
kwamba Natela aliondoka Februari, bila ugomvi,
alikunja nguo zake, na zangu pia, kwa mazoea;
kwamba ofisini bado namtaja kama yupo,
"mke wangu hapendi vitunguu," nasema kantini;
kwamba mpaka leo nalala upande wangu wa kitanda.
Nilisema nikisugua. Maji ya chokaa yalinitiririka viwikoni.
Juu palikuwa na duara la mwanga
na vichwa vitatu vimelizunguka.
Hakuna aliyekohoa.

Waliponitoa, Guram alinijaza kiganja kwa jozi.
Lamara alipiga magoti, akanusa, akanusa tena.
"Umetakata," akasema.
Mtungi, nadhani.

Basi la kampuni lilikwisha ondoka.
Zviadi alimimina ndoo ya kwanza, ya pili;
nilihesabu hadi kumi na tisa, ndio ugonjwa wa kazi yangu,
kisha hesabu ikanipotea.
Nyigu akaniuma sikioni.
Lamara akakata kitunguu, akanipaka.