Mgongo wa Chupa

Kamusi ya shule inasema: kumpaka mtu mafuta
kwa mgongo wa chupa, ni kumhadaa
kwa maneno matamu. Nukta.
Darasa la sita, Kadutu, mvua inapiga mabati,
Zihalirwa ananyoosha kidole:
"Mwalimu, chupa nayo ina mgongo?"
Nikasema tutaendelea kesho.

Ina mgongo. Nimekulia nyuma yake.
Mama aliuza mawese pale soko linapoteremka,
bidoni la Bunyakiri, chupa moja ya bia ya kupimia.
Asubuhi za Juni mafuta yaliganda, mazito kama uji,
akayaanika juani, akangoja,
na hakujua kungoja bila kusema.

Mwaka ule ziliungua nyumba za mbao,
thelathini na mbili, usiku mmoja.
Akaja bwana mwenye viatu visivyojua tope letu.
"Mama zangu! Nyinyi ndio taa ya Bukavu!"
(Taa. Na umeme umekatika wiki ya pili.)
Akaahidi mabati, misumari, saruji,
akamshika kila mama mkono kwa mikono yake miwili,
sauti laini hata kitoto cha Mama Cito
kikasinzia mgongoni.
Vigelegele vikapanda mlima. Mama hakupiga.

Gari lilipoondoka akachukua ile chupa,
imejaa, nyekundu, imezibwa kwa kigunzi,
akanisugua nayo toka kiwiko hadi kiganja.
"Unasikia?"
Baridi.
"Laini?"
Laini.
"Mafuta unayaona?"
Nayaona, mama, yako pale pale.
"Basi jiangalie mkono."
Ulikuwa umepauka vile vile.

Sijui kama msemo ulizaliwa hivyo.
Huenda ulifika zamani na wachukuzi,
umefungwa ndani ya mzigo wa mtu mwingine.
Kwangu ulizaliwa Kadutu, Jumanne,
kati ya mizani ya dagaa na moshi wa mbao mbichi.
Mabati? Tunayangoja.

Sasa hili lingine.
Miaka ishirini baadaye, hospitali, kitanda cha dirishani,
ziwa linaonekana kipande, kama sahani iliyovunjika.
Daktari alikuwa ameniita koridoni, akanieleza yote.
Nikarudi, nikakaa, nikaanza:
Mama, rangi imekurudia.
Noeli utakuwa nyumbani, utatutwangia sombe,
hata daktari anashangaa.
Maneno yalitoka yenyewe, yanateleza,
sikujua ninayo mengi hivyo.

Akanitazama muda mrefu.
"Nabintu, unanipaka na nini?"

Sikujibu.
Akautoa mkono chini ya shuka,
mkavu, mwepesi kama ganda la mahindi,
akaunyoosha mbele yangu.
"Paka tu," akasema. "Paka."

Kesho naenda darasani na chupa iliyojaa.
Watasuguana, watacheka, wataandika maana.
Ile ya kitandani sitawaambia.
Wana miaka kumi na mbili.