Jani la Saba

Sindano tatu midomoni, kastabini kidoleni:
hivyo ndivyo ninavyomkumbuka shangazi Thirza,
ameinamia kiwambo kando ya dirisha la kaskazini
huko Leek, mji wa hariri na moshi,
ambako mvua ni kama deni, haiishi.

Kazi yangu ilikuwa kunyoosha viganja
azungushie shada la uzi.
Nilikuwa na miaka tisa.
Nilikuwa na ruhusa ya kupumua,
si ya kukohoa.

Hariri ilikuja kwa meli hadi Liverpool,
hariri ya mwituni, ya nondo asiyefugwa,
rangi yake chai iliyosahaulika kikombeni.
Wakaitia rangi kwenye mabirika ya kiwanda,
na mto Churnet ukapita nyuma ya nyumba zetu
umevaa manjano. Jumanne, wekundu.
Bata wa mama Heathcote walipanda ukingoni
mabibi harusi wa nchi nyingine.

Kisha muhuri. Kibao cha mti mgumu
kilichochongwa mbali; mji gani, hata karani hakujua,
aliandika tu daftarini, India,
kana kwamba ni duka la kona.
Kilipiga chapa mizabibu, maua,
na lile tone lenye shingo iliyopinda.
Wewe ungeliona kwenye leso ukaliita korosho.
Thirza, ambaye hakuwahi kuuona mkorosho,
aliliita kiluwiluwi.

Yeye alilipwa kuifunika mistari ile,
jani kwa jani, uzi juu ya wino,
halafu azungushe zari pembezoni
hadi isijulikane kwamba kuna mtu alitangulia.
Lilikuwa pazia la rafu ya meko
la Bi. Ormerod wa Buxton, mke wa muuza mabomba,
aliyetaka sebule yake ipumue Mashariki,
madirisha yakiwa yamefungwa.

Siku ya kumi na moja, sindano ilisimama.
"Njoo utazame."
Jani la saba halikuwa na ncha.
Akahesabu kwenda mbele: la saba tena, butu.
Pazia zima, kila baada ya majani sita mazima,
kovu lilelile.

"Patasi iliteleza," alisema,
si kwa hasira; kama mtu anayesoma barua.
"Au mtoto alimwita."
Akapapasa pale palipokatika
kwa kidole kisicho na kastabini.
"Huyu ana shoto. Tazama mikato inavyolala."

Shuleni walimfunga Thirza mkono wa kushoto
kwa utepe, miaka miwili,
na bado sindano ilirudi kushoto
kila mlango ulipofungwa.

Msimamizi, Bi. Sneyd, akapita na miwani yake.
"Ziba hizo kasoro. Nyuzi mbili za kijani, basi."
"Ndiyo, bibi."
Akaziba la kwanza. Akaziba la pili.
Aliziba wiki nzima, kwa mkono wa kulia,
mkono mwema, mkono wa mshahara,
na majani yakatoka makali kama yasiyojua lolote.

Ila moja.
Mwisho kabisa wa pazia,
pale lingekunjwa nyuma ya saa ya marumaru,
aliliacha jani jinsi lilivyokuja,
akahamisha sindano,
akalizungushia zari polepole, butu lote,
na uzi mmoja wa ziada pale patasi ilipoteleza.
Nilitaka kuuliza. Viganja vyangu vilikuwa vimejaa.

Pazia lilichukuliwa Ijumaa, kwenye karatasi nyeupe.
Nyumba ya Buxton iliuzwa baadaye, saa nayo,
na sijui nani alilirithi lile jani,
au kama nondo wa hapa,
wasio na hariri yao wenyewe,
walilifikia kwanza.

Mimi nilibaki na kastabini.
Nikiivaa kulia, inacheza.
Kushoto, inakaa.