Upande Usioteleza

Saa tisa usiku, Naryn, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Fundi wa eksirei amekwama ng'ambo ya mlima,
theluji imemfungia njia.
Nami nina kichanga ambaye umri wake ni saa sita,
mbavu zinabonyea kila anapovuta,
midomo rangi ya zambarau.

Chupa ya jeli i kwapani mwangu tangu walipomleta.
Hilo halikuwa kitabuni.
Alinifunza Burulkan, muuguzi wa zamu:
jeli baridi peke yake yaweza kumwibia mtoto pumzi.
"Uwe jiko kwanza," alisema, "ndipo uwe daktari."

Kichwa cha kipimo karibu kienee kifua kizima.
Nakishika kama kalamu. Nauliza kushoto.
Kushoto kunajibu: ule mstari mweupe
unateleza, unarudi, unateleza,
sisimizi waliobeba unga,
safu isiyokatika.

Nauliza kulia.

Kulia kimya.
Mstari upo, ila umelala.
Hewa iliyopaswa kukaa ndani ya pafu imetoroka,
imelikalia kwa nje, kama mgeni
asiyejua siku ya kushika jembe wala ya kuaga.

Maksat, baba mtu, dereva wa lori la makaa,
amesimama mlangoni, kofia mkononi.
Anatazama skrini, hamtazami mtoto.
"Hiyo ni mvua?" anauliza,
zile chenga, kijivu juu ya kijivu.
Simjibu. Sina mdomo wa ziada.

Sindano. Juu ya ubavu, si chini yake;
chini yake mshipa hupita.
Bomba linajaa kitu kisichoonekana,
mililita kumi, ishirini, thelathini na tano.
Burulkan anahesabu kwa sauti.
Halafu anaacha kuhesabu.

Narudisha kipimo kulia.
Sisimizi mmoja anatikisika.
Kisha wote.

Sitasema nimelia. Nafuta jeli kwa shashi,
nafuta tena palipokwisha kukauka.
Maksat anauliza kama sasa anaweza kumpa jina.
Namwambia asubiri: picha ya asubuhi,
mkuu wa idara, karatasi.
Burulkan anasema, mpe.

Anainama sikioni, analitaja mara tatu.
Silisikii. Natazama kifua,
huku na huku.