Mdomo Haudanganywi

Chupa ishirini na tatu, nimezihesabu,
zimelala katika beseni la kuogea
zikivuliwa lebo zao na maji ya uvuguvugu:
za divai ya Moldova, za juisi ya matufaha,
na moja ya siki, ambayo hata nikiiosha mara tatu
bado inanikunja uso.

Hapa Krosno, nyuma ya stesheni,
Februari, theluji imekwisha kuwa tope.
Jagna wa ghorofa ya tatu anaolewa Mei;
ameagiza vinara kumi na viwili vya mishumaa
na bilauri moja, ya mkwewe, "iwe ya kijani."
Amelipa nusu. Nusu hiyo tumeshaila.

Baba kaegemeza kiti chake kwenye redieta,
kanipa mgongo. Kaapa hatatazama.
Miaka thelathini na mmoja alipuliza kioo kiwandani,
mashavu yake hadi leo yamelegea
kama mifuko iliyokwisha kumwagwa unga,
na sasa bintiye anakata chupa
kwa kidude cha zloti arobaini.
"Sisi tuliviumba," anauambia ukuta.
"Ninyi mnavichinja."

Simjibu. Navaa miwani, navaa glavu.
Naizungusha chupa ikielekea kifuani kwangu,
mara moja tu, mkono usisite,
kwa maana mstari ukipitiwa mara mbili
ufa hujikuta kwenye njia panda,
na ufa, ukipewa hiari, hupotea.
Kigurudumu kinalia kama theluji kavu chini ya kiatu.
Kinachobaki ni mkwaruzo, unywele wa kichanga.

Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajawahi kukaa jikoni kwangu.
Mimi ufa nauita. Naubembeleza.
Naumwagia maji ya birika, kisha ya barafu,
kisha ya birika tena, nikisema njoo, njoo hapa,
pita nilipokuchorea.

Ya kwanza ilipasuka ikatoa meno.
Ya pili, ufa ulishuka hadi kitakoni ukakaa.
Ya tatu ilinitoa neno
ambalo mama, angekuwepo, angelifutia kwa sabuni.
Ya nne sitaki kuisimulia.

"Maji yako yana haraka," anasema Baba, hajageuka.
Kimya.
"Na hiyo ya tano usiitie maji. Igonge kwanza."
Naigonga kwa ukucha.
"Tena. Chini kidogo."
Naigonga.
"Hiyo mgonjwa. Iliumia ilipokuwa inapoa,
kabla hata ya kujua divai. Iweke kando."
Naiinua kwenye mwanga wa dirisha:
sioni kitu. Naiweka kando.

Basi tukaanza kugonga zote,
mimi na ukucha, yeye na sikio,
nzima huku, wagonjwa kule,
na mgongo wake, sijui ni lini,
ukawa ubavu, kisha ukawa uso.

Ya kijani ilikuwa ya kumi na moja.
Moto. Baridi. Moto, polepole safari hii,
kama mtu anayemnawisha mgonjwa.
Tik.
Ndogo kuliko nilivyotazamia.
Shingo ikabaki mkononi mwangu,
bilauri ikabaki mezani, imeshangaa.

Kisha msasa: wa mia na ishirini,
wa mia mbili na ishirini, wa mia nne,
kila mara ndani ya maji, vumbi lisiingie kifuani
lilimokwisha kuingia la kwake.
Maji yakawa maziwa. Vidole vikakunjamana.
Nikapitisha kidole gumba ukingoni, nikaona laini,
nikampa.

Hakuigusa kwa kidole.
Aliipeleka mdomoni, tupu, akafumba macho,
akaizungusha taratibu juu ya mdomo wa chini
kama anayetafuta mahali alipoachia busu.
Akasimama.
"Hapa," alisema, "bado."

Nikaloweka msasa upya.